Somo: Maandishi yenye rangi na herufi nzito kwenye dirisha la Tkinter (maktaba ya Python ya kutengenezea madirisha)

Ukitengenezea duka la pembejeo pale Moshi programu, jambo la kwanza mwenye duka atakaloomba ni hili: jina la mkulima liwe zito, deni liwe jekundu. Wengi hukimbilia Label (kibandiko cha maandishi dirishani) na kukwama, maana Label moja hubeba fonti moja na rangi moja. Kuzipanga ubavuni kumi kumi ni kujitesa. Tumia Text (eneo la maandishi mengi) yenye tagi, yaani mtindo uliopewa jina ambao unaubandika kwenye maneno.

Anza na eneo lenyewe:

import tkinter as tk
dirisha = tk.Tk()
eneo = tk.Text(dirisha, wrap="word")
eneo.pack()

Hiyo wrap inazuia neno kukatwa katikati likifika ukingoni. Kisha mitindo:

eneo.tag_configure("jina", font=("Arial", 14, "bold"))
eneo.tag_configure("deni", foreground="red")

Utamu uko hapa. Rangi inakaa kwenye tagi, si kwenye maneno. Mwenye duka akiichoka nyekundu, unabadili mpangilio wa tagi tu, na madeni yote yaliyokwisha andikwa yanageuka papo hapo.

Sasa andika, halafu funga eneo kwa state="disabled" watu wasichezee:

eneo.insert("end", "Mkulima wa Kibosho\n", "jina")
eneo.insert("end", "Mbolea mifuko 2: ")
eneo.insert("end", "anadaiwa 40000\n", "deni")
eneo.config(state="disabled")
dirisha.mainloop()

MASWALI

Mkuu, nikishafunga hata programu yangu haiandiki, na haitoi kosa lolote.
– Ndivyo ilivyo. Text iliyofungwa hukataa kimya kimya. Irudishe kwa eneo.config(state="normal"), andika, funga tena.

Maneno yapo tayari, nataka kupaka "Mbolea" peke yake.
– eneo.tag_add("deni", "2.0", "2.6"). Mistari huhesabiwa kuanzia 1, herufi kuanzia 0, na ile ya mwisho haimo. Ukizoea mambo ya Python, ambako hesabu huanza na 0, hili la mistari litakuudhi kidogo.

Nina tagi ya herufi nzito na nyingine ya mlazo. Nikiziweka pamoja inaonekana moja tu!
– Rangi na fonti hukaa pamoja bila ugomvi, lakini fonti mbili hazichanganyiki: inashinda tagi iliyoundwa mwisho. Unda ya tatu yenye "bold italic".

Je, nikisoma maandishi kwa eneo.get, inahifadhi rangi, kaka?
– Hapana dada, inarudisha maneno matupu. Ukitaka na tagi zake, tumia eneo.dump.