Kupima presha nyumbani ukapata namba ya kuaminika

Shinikizo la juu la damu kwa kawaida halijitangazi kwa dalili. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021 zilionyesha kuwa watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wanaishi nalo, karibu nusu yao bila kujua. Ndiyo maana mashine ya presha ya betri ni kitu kizuri kuwa nacho nyumbani. Ila daktari hupanga dawa kwa kufuata namba unazompelekea, na zikiwa zimepimwa vibaya atakuongezea dawa usiyoihitaji, au atakuacha na presha iliyopaswa kutibiwa.

Anza na mkanda, maana wengi hukosea hapa. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzingo wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wa kawaida unaokuja na mashine nyingi unafaa mkono wa sentimita 22 hadi 32. Ukizidi hapo tafuta mkanda mkubwa, mara nyingi wa sentimita 32 hadi 42. Vipimo huandikwa kwenye mkanda wenyewe. Mkanda mdogo hupandisha namba kwa uongo, na kwa mtu mwenye mkono mnene sana kosa la namba ya juu (ile inayoandikwa kwanza, kama 130 kwenye 130/80) linaweza kukaribia 20. Mkanda mkubwa kupita kiasi huishusha. Muuzaji asipokuwa na saizi yako, bora usubiri. Mashine za kufunga kwenye kifundo cha mkono ziache, kwa kuwa mkono ukisogea kidogo tu namba hubadilika. Kabla ya kulipa, tafuta jina la modeli kwenye orodha ya STRIDE BP mtandaoni, inayoonyesha mashine zilizothibitishwa usahihi wake.

Nusu saa kabla ya kupima, usinywe kahawa wala chai, usivute sigara, usifanye kazi nzito. Nenda haja ndogo, kwani kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, usikunje nne. Stuli na ukingo wa kitanda havifai, kwa sababu misuli ya mgongo inaendelea kufanya kazi. Tulia hivyo dakika 5, simu ikiwa mbali. Wakati mashine inapima usiongee hata kumjibu mtoto: mazungumzo peke yake yanaweza kuongeza kama 10.

Mkono uwe wazi. Shati likikunjwa juu likabana, vua. Ukingo wa chini wa mkanda ukae sentimita 2 au 3 juu ya kikunjo cha kiwiko, mrija uelekee upande wa ndani wa mkono, na vidole viwili viweze kupita chini ya mkanda. Laza mkono juu ya meza, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Meza za sebuleni nyingi ni fupi mno: kila sentimita 10 mkono unaposhuka chini ya moyo, namba huongezeka kama 7 au 8. Tumia meza ya chakula, au inua mkono kwa mto.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Mmoja ukizidi, endelea kuutumia huo siku zote. Tofauti ya namba za juu ikizidi 10 kila unaporudia, mwambie daktari.

Kabla ya kwenda kliniki, pima siku 7 mfululizo: asubuhi mara mbili kabla ya kula na kabla ya kumeza dawa, jioni mara mbili, kila mara ukiacha dakika moja kati ya vipimo. Andika kila namba kama ilivyo. Kuandika 130/80 mahali pa 137/84 ni kumpoteza daktari. Futa za siku ya kwanza, utabaki na vipimo 24: jumlisha namba za juu ugawe kwa 24, kisha za chini vivyo hivyo. Wastani wa 135/85 au zaidi nyumbani ni presha ya juu. Kliniki mpaka ni 140/90, kwa kuwa wengi hupanda mbele ya mhudumu.

Ukiona 180/120 au zaidi, tulia dakika 5 upime tena. Ikibaki hapo nawe una maumivu ya kifua, pumzi kubana, upande mmoja wa mwili umelegea, ulimi mzito, macho hayaoni vizuri au kichwa kinauma vikali, nenda hospitali mara moja. Kama huna dalili hizo, wasiliana na daktari siku hiyohiyo. Usijiongezee dozi, na usikubali kuwekewa nifedipine chini ya ulimi: hushusha presha ghafla, na ubongo au moyo unaweza kukosa damu.

Kwa mjamzito hesabu ni tofauti. Akipata 140/90, asingoje wastani wa wiki. Aende kliniki siku hiyo. 160/110, au kuumwa kichwa, kuona ukungu au maumivu ya juu ya tumbo, ni dharura, hata kama ni usiku.