Ubuntu Haiwaki Baada ya Kuweka Keneli Mpya? Rudi kwa Keneli ya Zamani

Usikimbilie kusakinisha Ubuntu upya. Mafaili yako kwa kawaida hayajaguswa, na keneli (kernel, kiini cha mfumo) iliyokuwa ikifanya kazi bado imo kwenye diski.

Zima kompyuta, iwashe, kisha gusa Esc mara moja nembo ya mtengenezaji inapotokea. Mashine kongwe za BIOS hutaka ushikilie Shift. Kwenye menyu ya GRUB (programu inayochagua mfumo wa kuwasha) ingia "Advanced options for Ubuntu", uchague toleo la nyuma, lakini si mstari wenye "recovery mode".

Ikiwaka, tafuta chanzo. Ujumbe wa "Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)" mara nyingi maana yake ni kwamba faili la initrd (faili ambalo keneli hulihitaji inapoanza kuwaka) la keneli mpya halikutengenezwa, kwa sababu /boot, folda inayohifadhi keneli, ilijaa. Waliosimba diski (encryption) ndio huumia zaidi, maana /boot yao ni sehemu ya peke yake, tena ndogo. Hakikisha kwa kuandika kwenye terminal:

df -h /boot
uname -r
dpkg -l 'linux-image-*' | grep ^ii

Ikiwa imejaa, punguza keneli kongwe kwa sudo apt autoremove --purge. Apt ikigoma kwa kukosa nafasi, hamishia /root faili la initrd la keneli kongwe kuliko zote, ujaribu tena. Toleo linaloonyeshwa na uname -r usiliguse kabisa. Ndilo linalokubeba sasa. Kisha, ukiweka namba ya keneli yako mpya:

sudo dpkg --configure -a
sudo update-initramfs -c -k 6.8.0-45-generic
sudo update-grub

Kama hata keneli ya zamani haiwaki, washa kwa flashi ya Ubuntu, chagua kujaribu bila kusakinisha, utambue sehemu ya mfumo kwa lsblk (hapa ni sda2):

sudo mount /dev/sda2 /mnt
for d in dev proc sys run; do sudo mount --bind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt

Kabla ya chroot (amri ya kuingia kwenye mfumo wako ulio diskini), pachika (mount) pia /boot kwenye /mnt/boot ikiwa imetengwa. Ukisahau, initrd itaandikwa kwenye folda tupu na hakuna kitakachobadilika. Diski iliyosimbwa ifungue kwanza kwa cryptsetup open, ukiipa jina lilelile lililo kwenye /etc/crypttab ya mfumo wako. Jina likitofautiana, initrd mpya inaweza kukosa maelekezo ya kuifungua. Ukishaingia, rudia zile amri tatu za dpkg --configure, update-initramfs na update-grub, bila sudo.