Kupiga picha ufuoni Dunga: kutoka ruhusa hadi faili la mwisho

Picha inaweza kuwa na mwanga safi, uso mkali na ziwa limetandaa nyuma, na bado ukashindwa kuitumia kwa sababu huwezi kuonyesha kwamba mtu aliyemo alikubali. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinaweka mzigo wa kuthibitisha ridhaa kwa anayetumia data, na picha ya mtu anayetambulika ni data yake. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na karatasi, kamera inafuata. Mfano ni asubuhi moja kwenye ufuo wa wavuvi wa Dunga, Kisumu, lakini hatua ni zilezile sokoni Kibuye au ukiwa Nakuru.

Hatua ya 1: Amua picha itaenda wapi

Fanya hivi kabla hujatoka nyumbani. Picha zinazobaki kwenye albamu ya familia hazina shida, maana kifungu cha 51 kinaachilia matumizi ya kibinafsi au ya nyumbani tu. Ukurasa ulio wazi kwa kila mtu ni jambo tofauti. Usiutegemee msamaha huo. Ukitaka kuuza picha, au kuitumia kutangaza biashara, kifungu cha 37 kinahitaji ridhaa ya wazi.

Wengi hudhani sheria hii ni ya kampuni kubwa pekee. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziidhinisha. Kosa lenyewe ni lile ambalo mtu mwenye simu hulifanya kila wikendi.

Hatua ya 2: Andaa karatasi ya ridhaa

Nusu ukurasa unatosha. Weka jina, nambari ya simu, tarehe, mahali, nambari ya picha ndani ya kamera, na visanduku vitatu vya kutia alama: mtandao wa kijamii, maonyesho, kuuza. Visanduku vitenganishwe. Mtu anaweza kukubali Instagram akakataa tangazo, na sahihi moja inayobeba yote haitakusaidia akilalamika. Chini kabisa acha kipande cha kukata chenye jina lako na simu yako, abaki nacho. Ana haki ya kuondoa ridhaa wakati wowote, kwa hiyo lazima awe na njia ya kukupata.

Asiyesoma, msomee kwa Kiswahili au Kijaluo, kisha rekodi sauti yake kwenye simu akisema amekubali nini. Kwa mtoto, anayetia sahihi ni mzazi au mlezi. Kaka mkubwa hatoshi, jirani hatoshi. Ukimkosa mzazi, piga mikono, nyavu, au mgongo dhidi ya ziwa, uso usionekane.

Chapisha nakala ishirini hivi, beba na kalamu mbili.

Hatua ya 3: Vifaa

Lenzi moja ya 35 au 50 mm kwa watu, moja ya 70–300 kwa ndege na mashua. Betri mbili, kadi mbili za 32 GB. Kamera ya megapikseli 24 inayopiga faili ghafi (RAW) itakupa takriban picha elfu moja kwa kila kadi. Badilisha lenzi ndani ya gari au begi, kamwe si ufuoni, kwa sababu ya mchanga na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaovamia kila chenye mwanga jioni. Ukipanda mashua, vaa jaketi la kuokolea na uiweke kamera kwenye mfuko usiopitisha maji. Viboko wapo, mwenye mashua akisema hasogei karibu zaidi, usimbembeleze.

Hatua ya 4: Pita ofisini kwanza

Kila ufuo wa wavuvi una BMU (Beach Management Unit), kamati inayousimamia. Mtafute mwenyekiti au karani, eleza unachofanya na picha zitaenda wapi. Idhini yao inakufungulia mahali. Haichukui nafasi ya ridhaa ya mtu mmoja mmoja, na hapo ndipo wengi hukosea. Ukiulizwa chai, malizana nayo kabla ya picha ya kwanza. Pesa inayojadiliwa baada ya kupiga huleta ugomvi. Kununua samaki kwa yule unayempiga picha ni njia nzuri zaidi, na anabaki akiendelea na kazi yake badala ya kukusimamia kama sanamu.

Hatua ya 5: Omba, kisha piga

Salimia. “Oyawore”, salamu ya Kijaluo ya asubuhi, inafungua nyuso. Kamera ikae begani, lenzi ikitazama chini, halafu sema yote kwa pumzi moja: “Mama, napiga picha za kazi ya samaki. Naomba nikupige ukiendelea kupara. Nitaziweka mtandaoni, na moja huenda nikaiuza. Waonaje?” Neno “kuuza” litajwe mapema. Akisikia baadaye kutoka kwa jirani, hata sahihi yake haitaponya uhusiano huo.

Akikataa, shukuru na uendelee. Usirudi na lenzi ndefu ukiwa mbali. Ibara ya 31 ya Katiba inamlinda faragha yake hata pale ambapo uhuru wako wa kujieleza, Ibara ya 33, unakuruhusu kupiga mandhari yote yanayomzunguka.

Karatasi ijazwe papo hapo. Baada ya sahihi, piga picha ya karatasi yenyewe kwa kamera ileile, iwe faili linalofuata picha zake. Nyumbani hutahangaika kukisia karatasi ipi ni ya nani.

Hatua ya 6: Mwanga, na ngozi nyeusi mbele ya maji meupe

Hapa ndipo picha nyingi za Dunga huharibika. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Ziwa likijaa nyuma ya mtu, kamera huona mwanga mwingi, hupunguza, na uso hubaki kivuli. Bonyeza kitufe chenye alama ya +/−, kinachoongeza au kupunguza mwanga wa picha, uende +1 hadi +1.7, au pima mwanga kwenye shavu lake peke yake. Ziwa litaungua kidogo, yaani litakuwa jeupe bila undani, liache liungue.

Ukimsogelea hadi uso mweusi ujaze fremu, mambo hugeuka. Sasa kamera inaona giza, inaongeza, na ngozi inatoka kama imepakwa majivu, paji la uso likipoteza kila undani. Shuka hadi −0.3 au −0.7. Washa onyo la kumeta kwa sehemu zilizoungua. Likimeta kwenye paji la uso au puani, punguza tena.

Banda la turubai la buluu ni mtego mwingine. Turubai hutupa rangi yake usoni, na kompyuta haiwezi kuiondoa vizuri kwa sababu upande mmoja wa uso unapata buluu na mwingine mwanga wa nje. Mwombe mama asogee hatua moja hadi ukingo wa kivuli, ageukie nje. Gunia jeupe la unga likishikwa usawa wa kiuno litarudisha mwanga chini ya kidevu.

Vipimo vya kuanzia, kwa mpangilio wa tundu la lenzi (f), kasi ya shata kwa sekunde, na wepesi wa kamera kwa mwanga (ISO): kivulini f/4, 1/250, ISO 400. Juani f/8, 1/400, ISO 100. Mashua inayokatiza mawimbi 1/1000, ndege akiruka 1/2000.

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, hivyo jua hushuka wima na mwanga wa dhahabu hauchukui muda. Mwaka mzima huchwa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro jioni. Uwe umesimama mahali pako nusu saa kabla.

Hatua ya 7: Mahali pa kushusha kamera

Kambi za jeshi, vituo vya polisi, magereza, mahakama, bandari na uwanja wa ndege: usipige bila kibali. Ndani ya duka kubwa mwenye jengo ndiye anayeamua. Mlinzi akikuomba uondoke, ondoka. Hana mamlaka ya kukunyang'anya kamera. Ukilazimishwa kufuta picha, toa kadi hiyo na usiandike chochote juu yake hadi utumie programu ya kurejesha faili.

Droni ina sheria zake, Kanuni za mwaka 2020 zinazosimamiwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Lazima isajiliwe, isipite futi 400, na kuna marufuku ya kilomita 10 kuzunguka viwanja vikubwa vya ndege bila idhini. Karibu mji wote wa Kisumu, Dunga ikiwemo, umo ndani ya duara hilo.

Hifadhini Ziwa Nakuru, ondoa alama ya mahali (GPS) kwenye kila picha ya kifaru kabla ya kuichapisha, na usitaje ulipompata. Jangili haombi zaidi ya hapo.

Hatua ya 8: Hifadhi, na ujue picha ni ya nani

Usiku huohuo nakili mara mbili: kompyuta na diski ya nje. Karatasi za ridhaa zifungiwe, kwa kuwa nazo zina majina na simu za watu. Andika jina lako kwenye metadata ya kila faili, yaani taarifa zinazokaa ndani ya faili pamoja na picha.

Hakimiliki inakuwa yako pindi unapopiga, na hudumu miaka 50. Kusajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni hiari, ila husaidia mkigombana. Kuna shimo moja: ukiagizwa kupiga, kwa mfano harusi ya rafiki, Sheria ya Hakimiliki huhesabu kwamba haki imehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Sentensi moja ya WhatsApp kabla ya siku yenyewe, “hakimiliki inabaki kwangu, nyinyi mnazitumia mpendavyo,” akijibu “sawa”, ihifadhi pamoja na picha.