Unajenga Mwanza ukiwa Ulaya? Usiizibe nyumba

Nyumba ya kwanza niliyopanga Uingereza ilikuwa ya zamani, ya matofali mekundu. Januari pazia lilikuwa linacheza na dirisha limefungwa. Upepo ulipenya chini ya mlango, kwenye mbao za sakafu, hata kwenye dohani ambayo haijawashwa moto miaka mingi. Hita inawaka, joto linatoka nje na hela zangu. Baadaye nikahamia fleti mpya iliyozibwa kila upenyo, baridi ikaisha. Hapo ndipo lilipoingia wazo baya: nikijenga kwetu Buswelu, Mwanza, najenga hivi hivi.

Nikatuma ramani. Vioo vikubwa vya aluminiamu, nusu yake havifunguki. Dari ya jipsamu. Matundu ya hewa juu ya lenta nikamwambia fundi asiyaweke, yanaingiza vumbi. Fundi aliniuliza mara mbili, nami nikamjibu kama mtu anayejua. Mama alihamia, wiki ya pili dada akanitumia picha: Mama kalala barazani, godoro chini ya neti. Sauti yake ikafuata: "Humo ndani ni tanuri, baba."

Kwenye nchi ya baridi, hewa ikitoka ndani umepoteza joto ulilolinunua. Mwanza iko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa Ikweta. Hakuna mwezi utakaonunua joto. Kazi ni kulitoa. Jua linapika bati tangu asubuhi, joto linashuka kupitia dari, na ukiwa umejenga mlimani kwenye mawe, kama Bugarika au Isamilo, lile jabali la nyuma ya nyumba linaendelea kutoa joto hadi usiku. Joto hilo lisipopata pa kutokea, mnalala nalo.

Ziwa limeshakupa feni. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku hugeuka na kurudi huko. Kabla ramani haijachorwa, mwombe ndugu asimame kiwanjani saa tisa alasiri, awashe kijiti cha udi na akupigie video. Moshi unakoelekea na unakotoka, pande zote mbili ziwe na madirisha. Upepo usipokuwa na pa kutokea, hauingii.

Dirisha la kuslaidi, ambalo siku hizi kila mtu analitaka, linafunguka nusu tu. La bawaba linafunguka lote. Luva za kioo za zamani, tunazozicheka, nazo zinapitisha hewa karibu eneo lote. Weka wavu wenye matundu madogo, maana wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi hawana habari na wavu wa kawaida. Na juu ya dari acha njia ya hewa upenuni kabla jipsamu haijapigwa. Baadaye ni kubomoa.

Kuna la kuogopa zaidi ya joto. Mvua ikinyesha, jiko la mkaa huingizwa ndani. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na kwenye nyumba isiyo na matundu inaua watu wakiwa usingizini. Hata huko uliko, usiingize mkaa ndani ili kuota moto.

Na fleti yako mpya nayo ina deni lake. Ukipika ugali madirisha yamefungwa, ukaanika nguo kwenye radieta, mvuke unageuka maji kwenye ukuta wa baridi. Sogeza kabati uone ukungu mweusi. Vile vitundu vyembamba vya hewa juu ya dirisha usivibandike selotepu. Mimi nilivibandika.

Buswelu tumetoboa upya kuta na kubadilisha vioo vinne. Mama karudi chumbani. Fundi alinitajia bei ya kutoboa matundu niliyomkataza kuweka. Sikuthubutu kuomba punguzo.