Umeungua Marekani na unataka fidia? Anza na jimbo ulipoungulia

Jamani nyie mliopo Marekani, hasa mnaobeba boksi viwandani na mnaopika mahotelini, hili la kuungua moto au kumwagikiwa mafuta msilichukulie poa. Wengi wanadhani kuna sheria moja ya nchi nzima, hakuna, fidia ya mtu aliyeumia kila jimbo lina yake na mara nyingi inayotumika ni ya pale ulipoungulia hata kama unaishi kwingine.

Kwa hiyo kwanza kabisa hesabu siku. Ukiungua Cincinnati, Ohio una miaka 2 ya kufungua kesi, sasa vuka daraja tu hapo uingie Covington upande wa Kentucky, mwaka 1 basi. Tennessee nayo mwaka 1, Texas miaka 2, New York 3, Minnesota kesi ya uzembe 6. Kama mwenye kosa ni serikali ndo kabisa, jiji la New York linataka notisi ya madai yako ndani ya siku 90. Mtu anakaa anauguza kidonda akisubiri watu wa bima wampigie, na wanapiga kweli, wanaongea kwa upole mpaka mwaka unaisha.

Alafu kuna hili la kosa ni la nani. Mnaikumbuka ile kesi ya kahawa ya McDonald's? Bibi wa miaka 79, Stella Liebeck, Albuquerque, mwaka 1992, kahawa ilimmwagikia mapajani akiwa anafungua kifuniko ndani ya gari, akaungua mpaka ikabidi apandikizwe ngozi. Jopo la mahakama (wananchi wa kawaida wanaoamua kesi, sio majaji) likasema madhara yake ni dola 200,000 ila na yeye ana kosa asilimia 20, wakakata ikabaki 160,000 (ile adhabu ya mamilioni kwa McDonald's iliyopigiwa kelele ilikuwa juu ya hapo, na jaji aliipunguza mpaka 480,000). Hiyo ni New Mexico. Hesabu hiyohiyo ingekuwa Virginia, Maryland, Alabama au North Carolina, bibi angeondoka mikono mitupu, maana kule ukikutwa na kosa hata kidogo unakosa yote. Texas kosa lako likizidi nusu ndo unakosa. Kwa hiyo ukipigiwa simu usianze kujieleza eti “na mimi nilikuwa na haraka”, hiyo haraka yako inarekodiwa.

Umeungulia kazini? Mara nyingi huwezi kumshtaki bosi, unalipwa na bima ya wafanyakazi, matibabu na sehemu ya mshahara, maumivu hayalipwi. Mwambie bosi kwa maandishi siku hiyohiyo. Ila kama mashine ilikuwa mbovu, aliyeitengeneza unaweza kumshtaki pembeni. Texas ni vituko, kampuni binafsi hailazimishwi kuwa na hiyo bima, na kama haina unaishtaki moja kwa moja na haiwezi kujitetea eti na wewe ulichangia.

Hela ya maumivu nayo ina dari, yani kiwango cha juu kisichovukwa, sehemu zingine. Tennessee ni dola 750,000, inapanda mpaka milioni 1 kama umeungua daraja la tatu (ngozi yote mpaka chini) asilimia 40 ya mwili au ya uso, yani ngozi inapimwa kama kiwanja. Ohio dari linaondoka kabisa ukiwa na ulemavu mkubwa wa kudumu wa mwonekano, sasa hapo kovu lenyewe linageuka ushahidi. Piga picha kila wiki tangu siku ya kwanza, na hilo sufuria la presha au hita iliyokuunguza usiitupe wala usimrudishie mwenye duka. Usisaini chochote kabla daktari hajasema kama kuna oparesheni zingine mbele, ngozi iliyopandikizwa huwa inavuta na mtu anarudi tena tieta.

Wakili wengi wa hizi kesi hawadai hela mbele, wanachukua kama theluthi mkishinda. Muulize kwanza ana leseni ya jimbo gani, sio yule wa uhamiaji wa Houston aliyemsaidia shemeji yako.