Breki za Carrera kwenye Porsche 911 SC: uwiano kwanza, ukubwa baadaye

Mteremko wa kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan hadi Salgaa hauhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote anayeendesha gari upande huu wa Bonde la Ufa. Ni hapo ambapo mzee mmoja wa Njoro alikanyaga breki za Porsche 911 SC yake ya 1982 na pedali ikashuka hadi sakafuni. Alilisimamisha gari kwa gia na handibreki. Lilipofika kwenye gereji yetu hapa Nakuru aliniambia, "Fundi, nataka breki kubwa." Nikamwambia, "Mzee, ukubwa tutaufikia. Kwanza tuangalie hizi zimeshindwa wapi."

Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Mafuta haya hunyonya unyevu hewani mwaka baada ya mwaka. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzijoto 230, lakini yakishanyonya maji kiwango chake hushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu nyuzi 155 hufikiwa upesi. Mafuta yakichemka, mvuke unajaa kwenye bomba, na mvuke hubonyea. Basi pedali inakwenda chini bure. Kalipa kubwa, yaani vibanio vya diski, zisingemsaidia chochote siku ile.

SC si gari dhaifu. Vic Preston Jr alimaliza wa pili nayo katika Safari Rally ya 1978. Ila iliyo mbele yako ina zaidi ya miaka 40, na mpira na mafuta huzeeka hata gari likikaa bandani. Kwa hiyo mwongozo huu una sehemu mbili zinazokwenda pamoja: kurudisha breki kwenye hali yake, kisha kuzipandisha hadi kiwango cha Carrera 3.2, 911 iliyoifuata SC, iliyotengenezwa kuanzia 1984 hadi 1989.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua

Anza na busta, kifaa kinachotumia ombwe la injini kuuongezea mguu nguvu kwenye pedali. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, uishikilie hapo, kisha washa injini. Pedali ikizama kidogo, busta inafanya kazi. Isipozama, tafuta bomba la hewa lililopasuka au valvu yake iliyokwama.

Kuna jambo ambalo mafundi wa Mombasa hawasumbuki nalo. Busta husaidiwa na tofauti kati ya hewa ya nje na ombwe la injini. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko pwani. Ukipanda Timboroa linapungua zaidi. Maana yake busta yako, hata ikiwa mpya, haiwezi kukusaidia huku kama inavyosaidia Likoni. Likumbuke hili, maana linaamua masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) utakayotumia.

Pima unene wa diski kwa maikromita, si kwa jicho. Diski za SC zikiwa mpya zina unene wa takriban milimita 20. Za Carrera 3.2 ni 24. Kagua pia hozi za mpira. Hozi iliyozeeka huvimba kwa ndani ikawa kama mlango wa upande mmoja: presha inaingia ukikanyaga, hairudi ukiachia. Ukiona gurudumu moja lina moto kuliko mwenzake, au gari linavuta upande, shuku hozi kabla ya kalipa.

Hatua ya 2: Elewa uzito, ndipo uchague spea

Hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo watu wengi wenye hela huharibu gari zuri.

Injini ya 911 iko nyuma ya ekseli ya nyuma. Gari likiwa limesimama, takriban asilimia 60 ya uzito iko nyuma. Ndiyo sababu diski za nyuma za SC zina kipenyo cha milimita 290 huku za mbele zikiwa 282.5; kwenye magari mengi utakuta kinyume. Breki za nyuma za gari hili zinafanya kazi ya kweli. Lakini ukikanyaga kwa nguvu, uzito hukimbilia mbele, magurudumu ya nyuma yanapungukiwa na mshiko, na yakifunga kabla ya yale ya mbele, ile injini nzito nyuma inageuka kuwa jiwe kwenye kombeo.

Sasa hesabu. Kalipa ya nyuma ya SC ina pistoni za milimita 38, ya Carrera 3.2 ina za 42. Eneo la pistoni hupanda kwa mraba wa kipenyo, hivyo hizo milimita nne zinaongeza nguvu ya kubana kwa asilimia 22. Mbele, pistoni ni milimita 48 kwa magari yote mawili. Faida ya kalipa ya mbele ya Carrera ni nafasi ya diski nene tu. Ukifunga seti nzima, breki za nyuma zinaongezeka nguvu na za mbele zinabaki pale pale.

Porsche walilijua hilo, wakaweka kwenye Carrera 3.2 valvu inayopunguza presha ya laini ya nyuma pindi inapopita kiwango fulani. Kalipa bila valvu ni nusu ya kazi. Nayasema haya kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga kalipa hizo bila valvu, kwa kuwa spea ilichelewa na mwenye gari alikuwa na haraka. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kona ya barabara ya Njoro nilikanyaga breki kumkwepa mbuzi, nyuma ikafunga, na gari likageuka likatazama tulikotoka. Hakuna aliyeumia, mimi wala mbuzi. Tangu siku hiyo gari halitoki kwangu bila valvu, hata mwenyewe aje na hati ya wakili.

Orodha yangu basi ni hii: kalipa nne za Carrera 3.2, diski nne za milimita 24, valvu ya nyuma, hozi nne mpya, pedi za barabarani na lita mbili za DOT 4. Kalipa za mbele na nyuma zinakaa kwenye matundu yale yale ya SC bila kuchonga kitu. Diski zilizotobolewa sizipendi kwa barabara zetu za vumbi: matope yanaziba matundu, na nyufa huanzia hapo hapo.

Masta silinda iache ile ya milimita 20.64. Wengi hununua ya 23.8 ya 911 Turbo wakidhani kubwa ndiyo bora. Pedali itakuwa fupi, ndiyo, lakini mguu utahitaji nguvu ya theluthi moja zaidi kutoa presha ile ile, na busta huku juu tayari imepungukiwa.

Hatua ya 3: Kuinua na kufungua

Sakafu iwe ya saruji. Tumia sehemu za jeki za pembeni, kamwe usiinulie chini ya injini, na gari likae juu ya stendi kabla mkono haujaingia popote. Legeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini.

Fungua nati za bomba kwa spana maalumu ya bomba. Spana ya kawaida itakata kona zake. Zikiwa na kutu, zipulizie mafuta ya kulegeza jioni na uzifungue asubuhi. Funika rangi ya gari kwa kitambaa, kwa sababu mafuta ya breki hubandua rangi. Nyuma, achia handibreki kwanza: ndani ya diski kuna drumu ndogo yenye viatu vyake, na vikishika, diski haitoki. Kagua viatu hivyo ukiwa hapo. Vilimwokoa yule mzee.

Hatua ya 4: Kusafisha na kufunga

Kalipa zilizotumika zibadilishiwe sili zote. Hapa kuna tabia naomba tuiache: kuosha kalipa kwa petroli au dizeli. Sili za breki huvimba zikigusana na mafuta ya petroli, na utalaumu spea bure. Osha kwa spiriti, paka sili mafuta mabichi ya breki, ingiza pistoni kwa vidole. Ikikataa, iko upande. Itoe uanze upya, usigonge.

Safisha uso wa habu, pale diski inapokalia, mpaka ung'ae. Chembe ya kutu hapo inaifanya diski icheze, na pedali itatetemeka. Bolti za kalipa za mbele zinakazwa hadi Nm 70, na nati za magurudumu Nm 130, kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Angalia skrubu ya kutolea hewa iko juu. Ukibadilisha kalipa ya kulia na kushoto, skrubu inakuwa chini, na hewa haitatoka hata ukanyage wiki nzima.

Hatua ya 5: Valvu na kutoa hewa

Valvu inakaa kwenye laini inayokwenda nyuma, karibu na masta silinda. Hakikisha umeshika laini ya nyuma. Ukiiweka ya mbele umeyageuza mambo yote juu chini.

Toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mbele kulia mwisho. Msaidizi akanyage polepole. Pedali ya gari kuukuu isikanyagwe hadi mwisho, kwa kuwa sili za masta silinda zitapita mahali penye kutu ambapo hazijawahi kufika, zikachanika. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe kwenye kopo.

Hatua ya 6: Kuzoesha na kujaribu

Zungusha gari uwanjani kwanza. Kisha kwenye barabara tulivu punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi ya kupoa kati ya moja na nyingine. Ukisimama pedi zikiwa moto zinabandika alama kwenye diski.

Kwa jaribio la mwisho sitaki Salgaa na malori yake. Mimi hupanda barabara ya Mau Narok asubuhi, nikiwa na kipima joto cha kuelekeza, nikateremka kwa gia ya tatu. Kwenye sehemu iliyonyooka, lami ikiwa kavu na nyuma yangu hakuna mtu, nakanyaga kwa nguvu mara moja, huku mtu aliyesimama kando ya barabara akitazama magurudumu. Ya mbele ndiyo yatangulie kutaka kufunga. Nikifika chini napima diski zote nne. Kushoto na kulia zikaribiane. Moja ikiwa na moto uliozidi mwenzake, narudi kwenye hozi au pistoni ya gurudumu hilo, na mwenye gari anasubiri siku nyingine.