Vyombo vya mtumba vya kuchemshia shira ya mepo: kagua haya kabla ya kutoa fedha

Msimu wa kugema mepo (maple), miti ambayo utomvu wake huchemshwa kuwa shira, ukimalizika Vermont na Maine, majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, kuanzia mwishoni mwa Aprili, matangazo ya vyombo vilivyotumika huanza kutoka kwa wingi. Kuna mzee anayestaafu na watoto wake hawataki kazi ya msituni. Kuna aliyepanua shamba na sasa jiko lake la kwanza limemwia dogo. Kama unaishi Burlington, Winooski, Portland au Lewiston, ambako Kiswahili husikika madukani na makanisani, na umepata mwenye msitu aliyekubali ugeme miti yake, basi huu ndio wakati wako wa kutafuta. Nunua kati ya Mei na Agosti. Ukingoja hadi Januari utapigania kifaa kilekile na watu kumi, nawe hutapata nafasi ya kukijaribu kwa sababu kila kitu kitakuwa kimeganda.

Kabla ya kuangalia tangazo lolote, piga hesabu ya miti yako. Utomvu wa mepo wa kawaida una sukari ya asilimia 2 hivi, kwa hiyo lita 40 na ushei hugeuka kuwa lita 1 tu ya shira. Tundu moja la kugemea lililotobolewa kwenye mti, siku ambayo usiku uliganda na mchana ukapata joto, laweza kutoa lita 5. Mwenye matundu 200 basi anarudi bandani na lita 1,000. Jiko la futi 2 kwa 6, lenye karai la nyuma la mikunjo, huvukiza lita 80 hadi 90 kwa saa likichochewa vizuri. Hiyo ni kazi ya saa kumi na mbili, na kesho yake utomvu mwingine unakusubiri. Wengi wanaonunua mtumba wa kwanza huchukua jiko dogo kwa sababu ni la bei nafuu, halafu wanachemsha hadi alfajiri wiki sita mfululizo. Ukiwa na matundu 200, usikubali jiko la chini ya futi 2 kwa 6, isipokuwa unapanga kununua pia mashine ya kupunguza maji, ambayo nitaieleza mbele.

Risasi kwanza, bei baadaye

Hili nalisisitiza kuliko mengine yote, kwa sababu shira huliwa na watoto, na hakuna kiwango cha madini ya risasi kinachojulikana kuwa salama kwenye mwili wa mtoto. Kwa miaka mingi makarai, ndoo na matangi ya mepo yaliungwa kwa lehemu yenye risasi, yaani metali laini inayoyeyushwa kwenye mshono. Baadhi ya vyombo vya zamani vilitengenezwa kwa bati lililofunikwa lote kwa mchanganyiko wenye risasi nyingi. Watengenezaji wakubwa waliachana na lehemu hiyo katikati ya miaka ya 1990. Kwa hiyo chombo chochote kilicholehemiwa kabla ya 1995 kihesabu kuwa kina risasi mpaka kipimo kikuambie vinginevyo. Na karai lisilo na kibao cha mtengenezaji wala mwaka lihesabu vivyo hivyo.

Usidanganywe na neno «stenlesi» kwenye tangazo. Karai la chuma kisichoshika kutu la mwaka 1985 laweza kuwa na maungio ya lehemu yenye risasi. Tazama mshono wenyewe. Ulioungwa kwa kuchomelea una rangi ileile ya chuma, na una mawimbi madogomadogo yaliyopangana. Uliolehemiwa ni mstari wa kijivu, laini, uliotuna kidogo, na ukiukwaruza kwa ncha ya kisu unang'aa na kuacha alama. Hapo toa kijiti cha kupimia risasi, vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, safisha mahali pamoja pa mshono mpaka chuma kionekane, kisha sugua kama maelezo yake yanavyosema. Pima sehemu kadhaa, kwa sababu karai lililowahi kurekebishwa huwa na lehemu za miaka tofauti.

Ndoo nazo zina siri yake. Ndoo iliyopakwa zinki huonyesha maua maua yanayong'aa kama barafu ya dirishani. Ile ya bati lenye risasi ni ya kijivu kilichofifia, haina maua hayo. Hata yenye zinki, kama ni ya zamani, mshono wake huenda una risasi. Mwenye nyumba akikupa ndoo hamsini za babu yake bure, zipokee kwa shukrani na uzitie maua ya bustani. Pampu na vali za shaba nyeupe za zamani pia zipime, maana aloi zake mara nyingi zilitiwa risasi ili zichongeke kirahisi.

Utomvu una uchachu kidogo, unakaa kwenye chombo saa nyingi, kisha unachemshwa mpaka unabaki sehemu moja kati ya arobaini. Risasi iliyoingia haivukizwi na moto. Inabaki na kujilimbikiza pamoja na sukari. Muuzaji anayekwambia «tumeila miaka thelathini na hatujafa» si mwongo, lakini hajapima damu ya wajukuu wake.

Kulikagua jiko lenyewe

Omba muuzaji akuruhusu kulijaza karai maji mpaka juu, kisha mkae mzungumze kwa saa nzima. Tobo linalovuja haliwezi kujificha saa nzima. Lala chini utazame kwa tochi upande wa chini wa mikunjo ya karai la nyuma, maana huko ndiko maji yaliyosahauliwa wakati wa baridi huganda na kuupasua mshono. Mkunjo uliovimba ni dalili ya barafu. Karai la mbele, la kumalizia shira, kagua sakafu yake. Mawimbi na doa la bluu iliyokolea vinaonyesha kwamba liliwahi kuachwa likauke moto ukiwaka. Karai lililopinda bado laweza kufanya kazi, ila shira hukaa kwenye mabonde yake na kuungua, nawe utakuwa unamwaga vyungu vya shira chungu kila msimu. Gamba jeupe la madini lililoganda ndani si kasoro, linatoka kwa siki.

Tanuri la chini ndilo watu hulisahau. Fungua mlango uone kama umepinda, gusa vyuma vya kuwekea kuni, hesabu matofali ya kuhimili moto yaliyobaki. Kamba nyeupe ya zamani ya kuzibia mianya huenda ni asbestosi. Usiibandue kwa mikono mitupu, usiipulize. Kisha pima kwa futi karai na tanuri kila kimoja peke yake. Watengenezaji hawakukubaliana vipimo, na karai la kampuni moja laweza kuzidi tanuri la kampuni nyingine kwa nusu inchi, kiasi cha kukuletea moshi bandani mwaka mzima. Uliza pia bomba la moshi liko wapi. Kwa jiko la kuni la kawaida bomba linatakiwa liwe na urefu wa takriban mara mbili ya urefu wa jiko kutoka mbele hadi nyuma, na bomba jipya la ukubwa huo hugharimu fedha inayoweza kuufuta unafuu wote wa mtumba.

Matangi ya maziwa

Hapa ndipo pana mtumba mzuri kuliko wote, kwa maoni yangu. Mashamba ya ng'ombe wa maziwa yamefungwa mengi New England, na matangi yao ya kupozea maziwa, ya stenlesi ndani na nje, yanauzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya tangi jipya. Kwa utomvu ni chombo bora, kwa sababu husafishika na huweka ubaridi. Badilisha gasketi na mpira wa mdomo, osha kwa maji ya moto mara kadhaa mpaka harufu ya maziwa iishe. Mtambo wake wa kupozea usiutegemee. Tena usikate mabomba yake mwenyewe: gesi iliyomo inatakiwa kisheria iondolewe na fundi mwenye cheti, na kuiachia hewani ni kosa. Kabla ya kulipa pima mlango wa zizi. Wakulima wengi waliingiza tangi kwanza, wakajenga ukuta baadaye.

Tangi la plastiki au pipa lililowahi kubeba kemikali, sabuni au dawa ya shamba, liache hata likitolewa bure.

Mashine ya kupunguza maji na pampu

Mashine ya osmosisi husukuma utomvu kwa shinikizo kubwa kupitia utando mwembamba, maji yakapita na sukari ikabaki. Ikiupandisha utomvu kutoka asilimia 2 hadi 8 imeondoa robo tatu ya maji kabla hujawasha moto. Zile saa kumi na mbili zinakuwa tatu. Ndiyo maana kila mtu anaitaka, na ndiyo maana mtumba wake ni wa hatari. Moyo wa mashine ni utando, na utando hauonyeshi ugonjwa wake kwa macho. Ukiganda umekufa. Ukikauka umekufa. Ukihifadhiwa na uchafu wa msimu uliopita unaota ukungu. Muulize muuzaji uliwekwa wapi wakati wa baridi na katika dawa gani, kisha umwombe aiwashe kwa maji safi mbele yako. Mashine inayotunzwa huwa na daftari la kiasi cha maji kilichopita ilipokuwa mpya, kwa shinikizo fulani na joto fulani. Rudia kipimo kwa shinikizo na joto lilelile, kwa sababu maji baridi hupita polepole na yanaweza kukudanganya. Kiasi kikiwa kimeshuka sana hata baada ya kuosha, toa bei ya utando mpya kwenye bei anayoitaka. Kama hataki kuiwasha, huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Angalia pia kibao cha mota. Nyumba nyingi za vijijini hazina umeme wa fezi tatu, na mashine kubwa nyingi zinauhitaji.

Pampu ya kufyonza hewa, inayovuta utomvu kupitia mirija, ni rahisi zaidi kuipima. Funga mdomo wake, soma geji. Pampu za zamani za kukamulia ng'ombe hufika inchi 15 hadi 20 za zebaki, zinatosha kuanzia. Zinazofika 25 na zaidi ni za aina nyingine na bei nyingine. Moshi mzito wa mafuta, au mlio wa kukwaruza, unamaanisha bapa za ndani zimelika.

Vya kununua vipya

Vibomba vya kugemea na vipande vya mirija vinavyogusa mti, vinunue vipya bila kubishana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont, kwenye kituo cha Proctor kilichoko Underhill, na wa Chuo Kikuu cha Cornell umeonyesha kwamba vijidudu vilivyobaki kwenye kibomba cha zamani huingia kwenye tundu na kuufanya mti ulizibe mapema. Unaokoa senti chache kwa kila mti, unapoteza utomvu wa wiki za mwisho. Haidromita, kipimo cha kioo kinachoelea kuonyesha sukari ya shira, nayo nunua mpya. Karatasi iliyo ndani ya kioo cha zamani huweza kuteleza, na shira yenye sukari ya asilimia 64 huchacha, ilhali Vermont inadai angalau 66.9.

Vya maonyesho

Mawakala wa kampuni kama Leader, CDL na Lapierre hubakiwa na vifaa vilivyosimamishwa kwenye maonyesho au kuchemshiwa siku za kukaribisha wateja. Humo mna mikwaruzo, lakini hakuna risasi wala miaka ya uchovu, na kwa anayeanza naviona bora kuliko mtumba wa jirani, hasa mashine ya osmosisi. Swali la kuuliza ni dhamana ilianza kuhesabiwa lini. Kama ilianza siku mashine ilipotoka kiwandani, na ilikaa dukani miaka miwili, huenda unanunua dhamana iliyokwisha. Taka jibu liandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya mashine. Uliza kama utando uliwahi kuloweshwa, maana utando mkavu wa kiwandani hukaa muda mrefu, uliolowa na kuachwa hauna maisha. Halafu soma orodha ya vilivyomo: kifuniko cha mvuke, bomba, floti, kipimajoto, vali ya kutolea shira. Vifaa vya maonyesho hukopwa sehemu zake wakati wakala ana mteja mwenye haraka, na kilichokosekana Juni utakitafuta Februari usiku, karai likiwa linachemka.